Kikombe Kimoja kwa Siku

Same, Jumapili jioni

Maneno ya wifi bado yananichoma. "Mke gani anamnyima mumewe kinywaji?"

Alishuka leo kutoka Usangi na kibuyu cha dengelua, pombe yetu ya miwa. Kwa desturi mwenye nyumba huonja kwanza, ndipo wageni wanywe. Nikakizuia kwa mkono wangu, mbele ya watu. Mume wangu akatazama ukuta.

Niwaeleze mara ngapi? Figo zake zimekufa. Daktari alisema anywe kikombe kimoja tu kwa siku, hata kama ni maji, na mashine ya kusafisha damu iko Nairobi. Siku hizi kuingiza bidhaa ni ruksa, maduka yamejaa sabuni za Ulaya. Mashine hiyo hakuna aliyeileta.

Naogopa, na sina wa kumwambia.

Walipoondoka nilikwenda kunywa maji nyuma ya jiko. Ndivyo ninavyofanya siku zote ili mume wangu mwenye kiu asinione, kama mwizi nyumbani kwangu. Leo akaniita kutoka kitandani.

"Mama Mbonea, najua uko wapi. Njoo unywee hapa. Nataka kusikia tu."

Nikakaa kando yake, nikanywa polepole. Akafumba macho.