Mikono Kwenye Miche ya Tumbaku

Kehancha, 2 Machi 1996

Mpendwa mwanangu Joash,

Hujambo huko Homa Bay? Kile kikohozi kimekuachilia? Sisi ni wazima, ila shamba ndilo linaumwa. Tumbaku ya baba yako imeshika madoadoa ya kijani na manjano, majani yamejikunja, haikui. Baba yako anasema ni mikono yangu, eti kwa sababu nilipita kwenye kitalu. Na unajua anavyopanda peke yake, hataki mtu aguse mche! Ameapa ikiharibika tena atanirudisha kwetu Kisii. Miaka ishirini na miwili, jamani! Waulize wakubwa wako wa ofisi ya kilimo huu ni ugonjwa gani.

Mama yako,
Bochaberi

Homa Bay, 12 Machi 1996

Mama mpendwa,

Salamu sana. Kikohozi kiliisha. Bwana Walter, anayefundisha wakulima, anasema hivyo ni virusi, vidogo hata macho hayavioni. Dawa hakuna, mche mgonjwa ni kung'oa tu. Vinakaa hata kwenye majani makavu. Mtu akishika ugoro kisha akashika mche, ameupaka ugonjwa. Mama, ni Baba mwenyewe! Ule ugoro anaousaga kwa majani yake na kuvuta mchana kutwa. Anawe kwa sabuni kabla ya kupanda. Ruhusa sipati mpaka Juni, kwa hivyo msomee barua hii.

Mwanao,
Joash

Kehancha, 9 Aprili 1996

Joash mwanangu,

Natumaini u mzima. Samahani kwa kukawia. Barua yako nilikaa nayo siku tisa nimeifunga kwenye leso. Baba yako hajui kusoma, na hapa nyumbani msomaji ni mimi tu. Sasa maneno ya kunitetea nitayasema mimi mwenyewe, na yeye aamini?

Jumapili akaniambia, "Soma." Nikasoma salamu, nikasoma virusi, nikasoma kung'oa. Kufika kwenye ugoro nikamwangalia, kikopo kiko mkononi. Niliogopa, mwanangu. Nikasoma kwamba ugonjwa ulitoka kwenye udongo wa kitalu. Alifurahi huyo! Akasema kumbe alinionea bure, lakini kile kiapo cha Kisii hakukifuta.

Aling'oa yote, akapewa miche safi na jirani yetu Monari. Nilimwekea maji na sabuni, akaniuliza, "Kwani nakwenda kula?"

Tangu asubuhi anapanda. Namwona kutoka jikoni. Anapanda mitano, anavuta ugoro, anapanda mitano tena.

Muulize Bwana Walter madoadoa huchukua siku ngapi kuonekana. Nataka kujua nimebakiza ngapi.

Mama yako