Ukurasa wa Bi Zubeda

Jumanne, Ufukoni

Kosa lilikuwa langu, na bado linaniuma. Jana jioni nilihamisha kurasa za tovuti ya duka la Mzee Karim wa Mikindani, nikasahau kabisa kuziunganisha anwani za zamani na mpya.

Leo asubuhi akanipigia simu. "Mwanangu, nimemfuta Zubeda. Simu inasema ukurasa haupo."

Ni ukurasa wenye picha ya marehemu mkewe. Huufungua kila siku kabla ya kufungua duka.

"Hujafuta kitu, mzee wangu. Ni mimi."

Nikaandika msimbo kwenye seva inayobeba tovuti: anayekuja kwa anwani ya zamani apelekwe kwenye mpya. Na ukurasa ukikosekana kweli, asome: samahani, kosa si lako.

"Jaribu sasa, mzee."

Akaufungua ukurasa. Kisha, akiwa amesahau kukata simu, nikamsikia akimsalimia mkewe.