Machozi ya Kapteni

Bwaise, Alhamisi usiku, 1975

Na bado akathubutu kulia! Kapteni yuleyule aliyetuma askari kumchukua kaka yangu Kaggwa, leo kasimama kaburini na miwani nyeusi, anatuhutubia.

"Huyu mutu alikuwa rafiki yangu. Alifunga magoli mingi!"

Mjinga. Kaggwa alikuwa golikipa wa timu ya soko; hakufunga hata goli moja maishani. Nasi tukaitikia kwa vichwa, waoga wakubwa.

Wifi, mjane wake, alimpigia magoti kila aliyempa pole, kama ilivyo desturi yetu wanawake. Kapteni alipomnyooshea mkono, Wifi alibaki amesimama wima.

Kapteni akavua miwani. Nikaogopa. Nikapiga magoti mimi, haraka, badala yake.

Wifi hajanisemesha mpaka sasa.