Mwanamke wa Kwenye Bango

Ronge,
20 Julai 2025

Kwako Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku juu kwenye ukungu. Mimi mwanao Mbula ni mzima, nakula vizuri, na zile sweta mbili ulizonifumia nazivaa zote kwa pamoja. Natumaini goti lako limetulia, na kwamba mdogo wangu Kiilu anafungia kuku mapema bila kusukumwa. Lile joto la Voi nililokuwa nikililalamikia kila siku, leo ningeliomba kwa magoti.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwa simu unanikatiza, halafu unacheka, halafu unampa Kiilu. Nasikia dada yangu Nthenya amebakisha wiki tatu ajifungue, nawe unakwenda kwake Machakos na lile jiko kubwa la makaa ili mtoto asipigwe na baridi. Nina neno kuhusu hilo jiko, Mama, lakini acha nianzie shuleni, maana linaniaibisha.

Mwalimu mkuu wetu, Bwana Mwandawiro, alitangaza mashindano ya mabango kuhusu kujikinga na baridi. Shule sita, kila moja bango moja, na waamuzi ni chifu na muuguzi wa zahanati. Kazi alinipa mimi na Gredi ya Tano, eti nina mwandiko mzuri. Mtu wa Voi kufundisha watoto wa milimani habari za baridi! Walimu wenzangu walicheka hadi chai ikamwagika.

Basi nikachora mfano kwa penseli kwenye karatasi ya manila: baba, mama na watoto wawili wamezunguka jiko, wote wanatabasamu, dirisha limefungwa, na chini ya mlango pamezibwa kwa gunia upepo usipite. Nikaubandika ubaoni, nikasubiri sifa. Kisha msichana mmoja aitwaye Shanice, mwili mdogo lakini mdomo hauogopi mtu, akainua mkono akaniuliza ni nani kati ya hao amekufa.

Nilikasirika, sitakuficha. Nikamjibu kwamba hakuna aliyekufa, haoni wanacheka? Akasema kwa upole kwamba watu wakikaa hivyo huanza kwa usingizi, na kwamba kwao dirisha huachwa wazi hata baridi ikiuma, na jiko hutolewa nje kabla ya mtu kulala. Lewis wa dawati la nyuma akaongeza kuwa watu wa Voi si wa kulaumiwa, wao hupikia nje mwaka mzima. Darasa zima likaangua kicheko. Nikawaambia mama yangu ametumia jiko tangu kabla wao hawajazaliwa na hajazika mtu, na bango litabaki vilevile. Hiyo ilikuwa Ijumaa. Nikaibeba ile karatasi ya manila nyumbani niipake rangi mwenyewe.

Jumatatu nilirudi nimenywea. Nikawasimulia kisa cha mwanamke mmoja na jiko lake, nikasema nilikisikia tu mahali, kisha nikawaachia wachore wanavyojua wao. Shanice alimchora mwanamke amelala sakafuni, jiko kando yake, na jirani anamkokota kwapani kumtoa nje. Chini wakaandika kwa herufi kubwa kwamba dirisha lifunguliwe na jiko litolewe, ndipo watu walale. Lewis akaongeza mbuzi aliyevaa kofia ya marvini, nikashindwa kumkataza. Alhamisi tulikuwa wa pili. Chifu alisema mbuzi ndiye aliyeturudisha nyuma. Muuguzi alilitazama bango, akanitazama na mimi, kisha akaandika alama zake. Watoto waliimba njia nzima kurudi shuleni, na mimi niliimba nao.

Kila mtu ananiuliza yule mwanamke ni nani, nami najibu ni wa kubuni. Mama, ni mimi.

Jumamosi ile ukungu haukuondoka kabisa. Saa nane mchana niliingiza jiko ndani, nikafunga dirisha na kuziba chini ya mlango vilevile nilivyochora, nikaketi na rangi zangu. Kichwa kikaanza kugonga, nikadhani ni macho yamechoka. Nilipotaka kusimama miguu ikakataa. Jirani yangu Mama Wakio alikuwa akiniletea viazi. Alibisha, nisiitike, akausukuma mlango kwa bega. Alinikokota hadi kwenye nyasi, akinigombeza kwa Kidawida na Kiswahili kwa pamoja. Nilikuwa nakuita, mwaitu, mwaitu, naye akaniambia mama yangu yuko mbali, nivute pumzi. Zahanatini nilielezwa kwamba ile hewa mbaya ya makaa haionekani wala hainuki. Shuleni nilidanganya kuwa nilishikwa na malaria.

Nilijua nikikutumia maneno ya bango utasema ni mambo ya vitabu. Ndiyo maana nakuambia aliyelala sakafuni ni mwanao. Ukifika kwa Nthenya, dirisha likae wazi jiko likiwa ndani, na litoke nje kabla hamjalala. Mtoto mfunikeni vizuri, mumkumbatie. Kiilu na anicheke mpaka Krismasi, mimi niko tayari. Nisichokiweza ni kuja Machakos kuwazika wewe na Nthenya na mtoto ambaye hata jina hajapata.

Kesho nitawaambia watoto ukweli, nikianza na Shanice, kwa sababu nilimfokea na yeye alitaka niishi.

Nisalimie Kiilu na majirani wote wa hapo nyumbani. Barua hii nampa binamu Kaloki anayeshuka Voi kesho, na nimemwambia asiondoke hapo mpaka umwahidi kwa mdomo wako kuhusu jiko. Tafadhali Mama, usimcheleweshe.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Mbula