Kitufe cha Mercy

Jumanne, 2016

Yaani mimi wa kupanguza lifti za maghorofa huku West Bay, leo nimemfundisha mtu wa kompyuta kazi!

Mercy, huyu msichana tunakaa naye chumba kimoja, ameunda kitufe chake mwenyewe cha kuitisha teksi kwenye skrini ya simu, kifanye kazi kwa simu za kila aina. Kesho anamwonyesha bosi, na bosi ashasema kikikataa tena, kazi anapewa mtu mwingine. Kwa simu ya Mercy kiko sawa. Kwa yangu nabonyeza, kimya.

"Auntie, bonyeza hapo katikati, penye maandishi!"

"Wee, nani ana hiyo subira? Kila siku napanguza alama za vidole kwa lifti. Ziko kandokando, zingine hata nje ya kitufe!"

Akarudi kwa kompyuta, akapanua mahali pa kugusa mpaka pembeni. Nikabonyeza na kidole gumba, ovyo tu kama watu wa haraka. Kikashika! Simu zote mbili!

Naogopa kidogo, juu huyo bosi wa kupaka nywele rangi anapenda kutafuta makosa. Lakini abonyeze popote. Kitaitika.