Majembe ya Dukani Yamekataliwa Ukweni

Mjomba wangu,

Tangu tukuzike, yule mwenye duka wa Katoro amezidi ujeuri. Majembe yake yaliyoletwa na meli anayauza chini ya bei ya makaa yetu. Dereva wake mwenyewe aliropoka kilabuni: tajiri anakula hasara makusudi, hadi matanuri yetu yazime, ndipo apandishe bei atakavyo. Wahunzi tukaenda kwa bwana shauri, mkubwa wa serikali wilayani. Akajibu biashara ni huria, tulime pamba. Tulime kwa kutumia nini, kucha?

Wenzako uliowaita mafundi wamenywea. Mmoja anauza majembe hayohayo kwa niaba ya tajiri, eti wakala. Wakala! Mtu aliyeshindwa hata kunoa kisu.

Lakini aibu kubwa ni ya nyumbani. Mwanao Masanja alinunua majembe ya dukani, akayafukiza moshi, akayagongagonga yapate makovu, akayapeleka ukweni kuwa mahari. Akasema yametoka kwenye fuawe lako. Nawe unajua, baba mkwe hapokei jembe kwa macho, hulisikiliza mlio. Mzee akalining'iniza moja kwa kamba, akaligonga kwa jiwe mbele ya wajomba wa binti. Likalia kama debe. Mzee akauliza, "Huyu anatuolea mtoto kwa sufuria?" Wakamrudisha na mzigo wake kichwani, wakasema watamngoja hadi mavuno, basi.

Nilicheka, Mjomba. Kisha nikalia, maana alikuwa ametaja jina lako.

Juzi alinijia mpole kama kuku aliyenyeshewa, nimfulie mengine. Mimi mpwa wako, uliyenifundisha kushika koleo, nikamwambia sifui. Atafua mwenyewe, kwa springi za lori bovu, aanzie kwenye mivukuto, kupuliza moto. Sasa ana malengelenge, ananuna, anapiga nyundo kama anaua nyoka. Simhurumii hata kidogo. Jembe lake la kwanza tulipoligonga lilitoa sauti ya kuridhisha kidogo, nami nikatamani ungekuwepo. Ungesema, "Bado, rudisha motoni." Nikasema mimi. Akalirudisha.

Pumzika, Mjomba. Moto wako sizimi, tajiri apende asipende, na kabla ya mavuno Masanja atapeleka ukweni majembe ya kweli. Siku yangu ikifika, nitaagiza kaburi langu lichimbwe kwa jembe alilolifua yeye. Likipinda, nitatoka humo nimchape nalo.

Mpwa wako,
Lugwisha