Maumivu ya Kichwa Skuli ya Sib

Da Zuhura, shikamoo.

Kadi hii nimeitia bahasha, maana pale posta kwetu wanasoma kuliko skuli.

Joto la Sib, huku Omani, limenishinda, nkamfuata binamu yetu Salma kazini. Chumba chake cha unesi skuli kina kiyoyozi. Akaja msichana, eti kichwa, mara ya nne wiki hii. Desturi ni kumpigia simu mama. Salma akafunga mlango, akamuuliza mwenyewe. Mtoto akalia: anapenda wasichana, wenzake wamejua, hawakai naye tena. Akapewa chai, akapumzika. Kwenye daftari analolisoma mwalimu mkuu, Salma akaandika: "Kichwa."

"Uwongo huo," nkamwambia.

"Ndio utakaomrejesha kesho."

Binti yako Rukia bado anaumwa kichwa? Vidonge viweke kando. Funga mlango, umuulize mwenyewe. Mwambie mimi mamake mdogo nnampenda hivyo hivyo alivyo.

Mdogo wako,
Maryam